Kushuka Mchongoma: Sifa za Mkono Unaotoa Kijiti

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kuweka kijiti cha uzazi wa mpango ni kazi ya dakika chache: ganzi kidogo, sindano nene iliyobeba kijiti, bendeji, na mama anaendelea na safari yake ya sokoni. Kukitoa ni habari nyingine. Miaka mitatu au mitano imepita. Mwili umekizungushia utando, mama amenenepa au amekonda, kadi imeliwa na mchwa, na aliyekiweka amehamishiwa wilaya nyingine. Hapo ndipo fundi hujulikana. Nami nataka kumsifu fundi huyo: mkunga, muuguzi au tabibu ambaye mama akimnyooshea mkono na kusema "nataka kitoke", anakitoa kizima, bila kuchimbachimba nyama, bila kuacha kovu la kutangaza siri ya mtu, na bila kumhoji mama kama mshtakiwa.

Kijiti chenyewe hakina makuu. Implanon NXT huwekwa kimoja tu. Urefu wake ni sentimita 4 na unene milimita 2, karibu sawa na njiti ya kiberiti, na ndani yake mna miligramu 68 za homoni ya etonogestreli inayotoka kidogo kidogo kwa miaka 3. Jadelle huwekwa viwili, kila kimoja kikiwa na milimita 43 na miligramu 75 za levonogestreli, kwa miaka 5. Levoplant pia ni viwili, lakini muda wake ni miaka 3. Vyote hukaa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, kati ya kwapa na kiwiko, na kwa kawaida huwekwa kwenye mkono ambao mama hautumii sana. Huko huzuia yai lisitoke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite.

Kwa muda mrefu Uganda ilikuwa nchi ya sindano. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 walioolewa, 19 walikuwa wanatumia sindano na 6 vijiti. Lakini vijiti vilikuwa vimeshaanza kushika kasi. Mwaka 2013 makubaliano ya kimataifa yaliishusha bei ya Jadelle, kisha ya Implanon, kutoka dola 18 hivi hadi dola 8.50 kwa nchi zenye kipato kidogo. Makatoni yakafika hadi vituo vya afya vya mashambani, wakunga wakafundishwa kuweka, kambi za afya zikafanyika chini ya miembe. Jambo moja tu lilibaki nyuma. Kila kijiti kilichoingia kina siku yake ya kutoka, na siku hiyo inahitaji mtu anayejua, chumba kisafi, na vifaa vilivyochemshwa.

Huku West Nile hesabu hiyo ina mafundo yake. Koboko ndiyo kona ambayo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Mama anaweza kuwekewa kijiti Yei, akakimbia vita na watoto mgongoni, akafikia kambi ya Lobule, na siku zikifika akakitafutia mtoaji Koboko mjini. Mwingine amewekewa Ariwara alipokwenda kuuza, naye anaishi Arua. Kadi iliyoandikwa aina ya kijiti na tarehe iliachwa kwenye nyumba iliyoungua. Anachojua ni kwamba kitu kimo, na kwamba kilikuwa "cha miaka mingi". Kwa mama huyo, kijiti ambacho hakuna anayeweza kukitoa kimekuwa cha kudumu, hata kama kilitengenezwa kwa miaka mitatu.

Ufundi wa kutoa ni adimu kwa sababu ya namna unavyopatikana. Mwanafunzi wa ukunga hujifunza kwanza kwenye mkono wa plastiki, kisha kwenye mikono ya akina mama akisimamiwa. Kuweka anaweza kukuzoea haraka, maana siku moja ya kambi huwaleta wengi. Kutoa hakuitishwi kwa tangazo. Ni lazima asubiri mama mwenye kijiti cha siku nyingi aje kwa hiari yake, na mama huyo haji kwa ratiba ya chuo. Kwa hiyo wapo wakunga walioweka vijiti mamia na kutoa vinavyohesabika kwa vidole. Atakayekuwa fundi ni yule aliyeng'ang'ania kituoni, akamsogelea mwenzake mzoefu kila mama wa kutolewa alipoingia, akashika taa, akashika shashi, mpaka siku aliyoambiwa: leo fanya wewe.

Kazi yake huanzia masikioni. Mama anayekuja kabla ya muda huja na dalili, na mara nyingi dalili ya kwanza ni damu.

"Sista, hii kitu imenichosha. Damu inakuja wiki mbili, inapumzika siku tatu, inarudi."

"Pole mama. Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda karanga."

Mkunga mvivu angesema ni kawaida, vumilia. Kweli, kubadilika kwa hedhi ndiko kunakojulikana zaidi kwa watumiaji wa vijiti: wengine hutokwa na matone kila mara, wengine damu hukatika kabisa, wengine hutokwa na damu kwa muda mrefu. Lakini fundi hakubali kijiti kibebe lawama za kila kitu. Anatazama ndani ya kope na viganja kama damu imepungua. Anauliza kuhusu mimba, kuhusu maumivu chini ya kitovu, kuhusu uchafu wenye harufu, kuhusu damu baada ya tendo la ndoa, maana uvimbe wa kizazi, maambukizi na saratani ya mlango wa kizazi navyo huleta damu, wala havitapona kwa kutoa kijiti. Akiona ni kijiti, humweleza mama kwamba kuna dawa inayoweza kusaidia: ibuprofeni kwa siku chache, au vidonge vya uzazi wa mpango kwa wiki kadhaa kama hali yake inaruhusu. Mama akisema nitajaribu, sawa. Akisema kitoke leo, kinatoka leo.

Yapo na mengine: kichwa kuuma, chunusi, matiti kuuma, uzito kuongezeka, moyo kuwa mzito bila sababu, hamu ya ndoa kupungua. Si kila mwanamke huyapata, wala si kila anayeyapata ameletewa na kijiti. Fundi hashindani na mama juu ya mwili wa mama mwenyewe. Lakini dalili moja humfanya anyooshe mgongo: mama akisema vidole vyake viwili, cha mwisho na cha pete, vinawashawasha au vimekufa ganzi. Neva inayopita nyuma ya kiwiko ndiyo inayolisha vidole hivyo. Huenda kijiti kimelala karibu nayo, na hapo mchezo umebadilika.

Pia fundi humtaka mama akiwa peke yake. Wapo waume wanaokuja mbele kabisa wakisema mtoeni huyu kijiti, nami nataka mtoto. Wapo akina mama ambao nyumbani hakuna anayejua. Mkunga mwenye adabu humwambia mzee asubiri nje kidogo, hufunga mlango, kisha humuuliza mama yeye anataka nini. Jibu la mama ndilo linaloandikwa.

Baada ya masikio ni vidole. Mama hulala chali, mkono wenye kijiti umekunjwa kwenye kiwiko na kiganja kimewekwa chini ya kichwa. Mkao huu una sababu: huuvuta mkono wazi na kusogeza mbali kidogo mishipa na neva. Fundi hafumbui macho kwanza kutafuta kovu, hupapasa. Vidole viwili hupita taratibu kutoka kwapani kwenda kiwikoni, vikibonyeza kwa uzito ule ule, mpaka vikutane na kitu kigumu kinachoteleza kidogo na kurudi. Kisha hutafuta ncha zake zote mbili na kuzitia alama kwa kalamu. Kadi ikiwa imepotea, vidole ndivyo huhesabu: kimoja kimelala peke yake, au viwili vilivyotanuka na kuacha nafasi kati yao upande wa kwapa. Zamani za vijiti vya Norplant, vilikuwa sita, vimetandazwa kama vidole vya kiganja, na kuvihesabu gizani ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Vidole hivi hujua pia mahali pa hatari. Kati ya misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo hupita mishipa mikubwa ya damu na neva za kiganja. Miaka ya nyuma maelekezo ya kuweka yalikielekeza kijiti karibu na hapo. Baadaye watengenezaji wa Implanon NXT waliyabadilisha: kijiti kikae juu ya msuli wa nyuma, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye kifundo cha ndani cha kiwiko, na sentimita 3 hadi 5 nyuma ya mfereji. Kwa anayeweka, ni kusogeza mkono kidogo tu. Kwa atakayetoa miaka mitatu baadaye, ni tofauti ya dakika tano na safari ya hospitali ya rufaa. Ndiyo maana fundi wa kutoa huwa mkali kuliko wote anapofundisha kuweka. Anajua kwamba kijiti kilichowekwa juujuu, chini tu ya ngozi, kimeshatolewa nusu.

Kanuni yake kubwa ni moja: kijiti kinachoshikika kinatolewa, kisichoshikika hakiguswi kwa kisu. Usikate ili utafute.

Kupapasa na kuandika vina historia yake katika pande hizi. Kuluva, hospitali ya Kanisa la Uganda iliyo mwendo mfupi kusini mwa Arua, ilijengwa kuanzia miaka ya 1940 na ndugu wawili, Ted na Peter Williams. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alikuwa ameandika mwaka 1958 juu ya uvimbe unaokua kwenye taya za watoto, naye akataka kujua unapatikana wapi na unakoma wapi. Oktoba 1961 alifunga safari kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, akiwa na Ted Williams wa Kuluva na Cliff Nelson. Walizunguka kwa wiki kumi, karibu maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, wakiwaonyesha madaktari picha na kuuliza: umewahi kuuona huu? Williams aliporudi aliendelea kuandika kila mgonjwa ametoka kijiji gani na uvimbe ulianza lini. Kutokana na madaftari hayo, yeye pamoja na Malcolm Pike na Wright walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965 walijitokeza kwa mafungu, mahali pamoja na kipindi kimoja. Miaka ya 1970 ikachukuliwa damu ya watoto wapatao 42,000 wa mkoa huu, ikahifadhiwa, watu wakasubiri kwa miaka kuona nani ataugua, na matokeo ya mwaka 1978 yakaukaza uhusiano wa uvimbe huo na virusi vya Epstein-Barr.

Ninaitaja habari hiyo kwa sababu vifaa vyake vikuu vilikuwa vidole vilivyopapasa taya la mtoto, na kalamu iliyoandika kijiji na tarehe. Fundi wa vijiti hana vifaa vikubwa kuliko hivyo. Kuluva leo ina shule ya uuguzi na ukunga, na msichana anayesomea hapo hahitaji kutafuta mfano mbali. Daftari lenye tarehe ya kuweka, aina, mkono gani na kina gani ni msaada anaomwachia mkunga ambaye huenda bado hajazaliwa kikazi.

Sasa kisu. Fundi ananawa, anavaa glavu, anapaka ayodini kuanzia katikati kwenda nje, mara mbili, anatandika kitambaa kisafi chenye tundu. Ganzi ni lidokeini kidogo sana, nusu mililita hadi moja. Asiyejua huimwaga juu ya kijiti; ngozi huvimba, na ncha aliyokuwa ameishika kwa kidole hupotea mbele ya macho yake. Anayejua huipitisha sindano chini ya ncha iliyo karibu na kiwiko. Ganzi ikikaa chini, hukiinua kijiti juu kuelekea kwenye ngozi, na dawa ya maumivu inakuwa imefanya kazi ya pili bila kulipwa. Kisha humgusa mama kwa ncha ya kisu, amuulize: unasikia? Mama akisema nasikia kama kitu kinabonyeza lakini hakiumi, anaendelea. Akikunja uso, anangoja.

Kinachofuata ndicho ninachokistaajabia zaidi. Kwa kidole cha mkono wa kushoto fundi hubonyeza ncha ya juu, ile ya upande wa kwapa. Ncha ya chini huinuka na kuchomoza, ngozi ikaonyesha kijinundu. Hapo hukatwa milimita 2 tu, kwa urefu wa mkono, kuelekea kiwikoni, ili kisu kisikatize neva iliyopita njia hiyo hiyo. Damu hutoka tone moja au mawili. Kidole cha kushoto hakijaondoka. Kinaendelea kukisukuma kijiti taratibu kuelekea mlangoni. Mkono wa kulia unangoja.

Kama mwili haukukifunika sana, ncha hutokeza yenyewe, huikamata kwa koleo ndogo zenye meno membamba, na kijiti hutoka mara moja. Mara nyingi huwa kimevaa ala ya utando mweupe mgumu, mwili wenyewe ukiwa umekitengenezea. Anayeharakisha huushika utando akidhani ni kijiti, akavuta, mama akapiga kelele, na hakuna kilichotoka. Fundi husugua ule utando kwa shashi kavu, au huukwaruza polepole kwa ubapa wa kisu, mpaka rangi ibadilike: kutoka weupe wa nyama kuja weupe wa plastiki unaong'aa. Sauti ya koleo nayo hubadilika inapokamata kitu kigumu. Ndipo huvuta, kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha.

Kikitoka, kazi haijaisha. Hukilaza kwenye trei na kukipima: sentimita 4 kamili? Ncha zote mbili zipo? Kama kilikuwa Jadelle, viwili vipo? Kijiti kinaweza kuvunjika, na kipande kilichobaki ni mateso ya miaka mingine. Kisha humwonyesha mama. Wengi hucheka, wengine hushika kifua: kadogo hivi ndiko kalikuwa kananitesa? Kuonyesha huko ni haki ya mama, si hisani. Hakushonwi kitu, kingo hukutanishwa kwa plasta nyembamba na mkono hufungwa bendeji ya kubana kwa saa 24 ili damu isivie chini ya ngozi. Anaambiwa kidonda kikae kikavu kwa siku chache, asibebe jerikeni ya lita 20 kwa mkono huo leo wala kesho, na arudi akiona usaha, joto au uvimbe. Anaambiwa pia kwamba homoni huondoka mwilini ndani ya siku chache na mimba inaweza kushika kabla hata ya hedhi ya kwanza. Akitaka kingine, kinaweza kuwekwa saa ile ile kupitia kidonda kile kile kama mahali ni pazuri. Asipotaka chochote, ni sawa pia.

Kuna mikono ambayo haifunguki hivyo. Kijiti kilizamishwa ndani ya mafuta au kwenye msuli, na vidole haviokoti kitu. Hapo fundi wa kituo huonyesha ukubwa wake kwa kuweka kisu chini. Huandika barua ya rufaa, na kwa mkoa huu rufaa ni hospitali ya Arua. Implanon NXT imetiwa bariamu, kwa hiyo eksirei huiona. Implanon ya zamani haikuwa nayo, na eksirei hupita juu yake kimya. Ultrasaundi yenye kichwa cha kupimia vitu vya karibu na ngozi huonyesha kivuli cheusi kinachoanguka chini ya kijiti, na anayepima hutia alama kwenye ngozi huku mkono ukiwa katika mkao ule ule utakaofanyiwa upasuaji, maana mkono ukigeuzwa na alama imehama. Mara chache sana kijiti kimekutwa kimesafiri kwenye mshipa wa damu hadi mapafuni. Na mara nyingine hakipo kabisa: kilibaki ndani ya sindano siku ya kuweka, hakuna aliyepapasa baadaye, na mama amekaa miaka akitegemea mkono mtupu.

Vijiti viwili au sita vilivyolala sambamba vilileta ufundi mwingine, na huo ulitoka Indonesia, nchi iliyotumia Norplant kuliko nchi nyingi. Wanawake waliowekewa miaka ya 1980 walipofika mwaka wa tano, mikono ya kutoa haikutosha. Daktari Untung Praptohardjo wa Semarang aliazima koleo za kufungia uzazi wa mwanaume bila kisu, zilizobuniwa na Li Shunqiang huko China mwaka 1974, akazirekebisha pete ya mbele ilingane na unene wa kijiti. Badala ya kukamata ncha, alikata kidogo kati ya vijiti na kukikamata kwa ubavu, kisha akakipindua kitoke. Mbinu hiyo, aliyoichapisha mwaka 1993, ilipewa herufi ya kwanza ya jina lake: U. Hakuvumbua dawa mpya. Aligundua kwamba chombo kilichoshika mrija mmoja kwa upole kinaweza kushika na kijiti.

Thamani ya haya yote huonekana wazi pale yanapokosekana tangu mwanzo. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha kifaa kilichoitwa Essure, cha kufunga kizazi moja kwa moja bila kupasua tumbo. Kilikuwa springi ya urefu wa sentimita 4 hivi, ya nikeli na titani, yenye chuma na nyuzi za polista ndani yake. Daktari alikipitisha kwenye mlango wa kizazi na kukiacha ndani ya mrija wa uzazi, kila upande kimoja. Nyuzi ziliuchokoza mwili, kovu likakua kwa miezi mitatu, mrija ukazibika. Kwa wengi kilikaa kimya. Kwa wengine yalifuata maumivu ya nyonga yasiyoisha, damu nyingi, uchovu, mzio wa nikeli, springi iliyotoboa mrija au kuhama hadi tumboni.

Walipotaka kitolewe, ikabainika kwamba njia ya kukitoa haikuandaliwa. Nyama ilikuwa imeota katikati ya nyuzi kama ilivyokusudiwa. Ukikivuta kinanyooka, kinakatika, vipande vinabaki. Madaktari wa upasuaji ilibidi wabuni: kuondoa mrija mzima pamoja na springi ndani yake, mara nyingine na pembe ya kizazi ambako mrija unaanzia, mara nyingine kizazi chenyewe, kisha eksirei kabla mama hajaamka, kuhakikisha hakuna kilichosahaulika. Bayer, iliyokinunua kifaa hicho mwaka 2013, iliacha kukiuza nje ya Marekani mwaka 2017 na ndani ya Marekani mwishoni mwa 2018, na mwaka 2020 ikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.6 kumaliza sehemu kubwa ya madai karibu 39,000 ya wanawake. Pesa hizo hazilinganishwi na mkato wa milimita 2, lakini somo ni lile lile: kila kinachoingizwa mwilini kinamdai mwingizaji njia ya kutokea.

Tangu vijiti vilipoenea Afrika, wataalamu wamekubaliana juu ya mambo manane ambayo mama anayetaka kutolewa anapaswa kuyapata. Aliyefundishwa na anayejiamini awepo. Vifaa viwepo. Huduma iwe karibu. Iwe bure au aimudu. Mama ajue lini na wapi pa kwenda. Aambiwe maneno ya kumtuliza na apewe nafasi ya kuchagua njia nyingine. Iwepo njia ya rufaa kwa vijiti vigumu. Na hesabu za kutoa zikusanywe. Ukiyasoma unaona hayamo maajabu. Yote ni mambo ambayo mkunga mzuri wa Koboko angeyataja akiulizwa anahitaji nini kesho asubuhi. Mama akizungushwa leo hakuna glavu, kesho hakuna sista, keshokutwa njoo na elfu kadhaa, wembe wa dukani huanza kuonekana kuwa jibu.

Ripoti za uzazi wa mpango hupenda kupanda: vijiti vilivyowekwa robo hii, kambi zilizofanyika, malengo yaliyofikiwa. Kutoa huandikwa kwa aibu, kana kwamba ni hasara iliyotokea. Mimi naona kinyume. Mama anayejua kwamba kijiti chake kitatoka siku yoyote atakayo hukikubali bila hofu, na hukaa nacho akiwa huru. Aliyemwona jirani yake akizungushwa mwaka mzima hatakikubali hata akisifiwa namna gani, na maneno yake yatasafiri kutoka kisima hadi kisima haraka kuliko redio. Basi kituo kinachojivunia vijiti kilivyoweka kiulizwe kwanza kimetoa vingapi, nani alivitoa, na mama alilazimika kurudi mara ngapi. Jibu likiwa mara moja, hapo pana fundi, na alipwe, afundishe wenzake, asihamishwe ovyo.